Tumbo la mwenzio si gazeti

Mwaka juzi, kwenye shughuli ya harusi mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, nilimshika mwanamke tumbo. Hatukuwa marafiki wa karibu. Tunajuana kwa salamu za soko la Mgandini, yeye kwenye dagaa, mie kwenye mboga. Siku hiyo tulikuwa tumebanana kwenye jamvi, masinia ya pilau yakipita juu ya vichwa, na kwa raha ya mchana ule nikaweka kiganja juu ya dera lake nikasema, "Mungu akujalie ujifungue salama, shoga." Akanitazama kidogo. Akajibu, "Amin." Nikaendelea kula.

Miezi minne baadaye tulikutana kwenye benchi la kusubiri vipimo, mie nimempeleka mama, yeye kashika bahasha. Tumbo lilikuwa vilevile, labda limeongezeka kidogo. Akaniona ninavyolipigia hesabu. "Yule mtoto uliyemwombea dua," akasema, "daktari anamwita uvimbe." Akacheka mwenyewe. Mie nilitazama sakafu.

Tangu siku hiyo uvimbe wenyewe haunishughulishi kama ile "Amin" yake. Kwa nini hakunisahihisha? Nimeona sababu moja tu: ukweli ulikuwa ghali. Ingembidi aseme, mbele ya wanawake arobaini, kwamba tumboni hamna mtoto, halafu yangeanza maswali: basi ni nini, tangu lini, umekwenda kwa nani, na mumeo anasemaje. Akaona bora apokee dua isiyo yake, apate robo saa ya kula kwa amani.

Wengi wanaoandika kuhusu maradhi ya kizazi huanzia kwenye ujinga: watu hawajui, waelimishwe. Sikatai. Lakini kwa macho yangu, hapa Tanga kuna jambo linalotangulia ujinga. Tumejipa ruhusa ya kusoma mwili wa mwanamke kama gazeti lililobandikwa ukutani. Tumbo likichomoza ni habari. Likikaa bapa miaka miwili baada ya ndoa ni habari pia. Kidevu, doa kwenye nguo, unene wa ghafla, wembamba wa ghafla, vyote vinasomwa, na aliyesoma anajiona ana haki ya kutangaza. Kwa kuwa hajui anachokisoma, anakosea, na gharama ya kosa lake anailipa mwenye mwili.

Tuchukue tumbo hilohilo. Uvimbe wa kizazi, ambao hospitali huuita fibroidi, ni nyama inayoota kwenye misuli ya kizazi. Si saratani, na ni nadra mno kugeuka saratani. Waweza kuwa mdogo kama punje ya kunde, waweza kujaza tumbo kama mimba ya miezi sita. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kufikia miaka 50, wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 wanao, na weupe wanakaribia 70. Wengi wao hawaoni dalili yoyote. Sasa rudi kwenye jamvi la Ngamiani: wanawake arobaini, wa makamo wengi. Huenda siku ile mwenye uvimbe alishikwa tumbo na mwenye uvimbe mwenzake.

Na kuna udongo. Uvimbe ukikaa vibaya, hedhi huwa nzito, na miezi ikienda damu mwilini inapungua. Mojawapo ya ishara za upungufu wa madini ya chuma ni hamu ya kula visivyoliwa: barafu, mchele mbichi, udongo. Pale sokoni udongo umepangwa kwenye ungo, vipande vya kijivu, na muuzaji anawajua wateja wake. Mwanamke mwenye tumbo la kuchomoza akinunua vipande viwili, mtaa unajumlisha, unapata mtoto. Kumbe tumbo na udongo vyote vinaelekeza kwenye uvimbe mmoja unaomnyonya damu. Dalili zilizotakiwa kumpeleka hospitali zinapokelewa kwa hongera, na mtu akishapewa hongera mara kumi si rahisi aende kusema anaumwa. Huo upungufu wa damu nao si jambo la wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini.

Yule wa dagaa alinisimulia baadaye habari ya shanga zake za kiunoni. Alitungiwa na somo wake, yule aliyemfunda, alipoolewa, nyuzi saba. Tumbo lilipoanza kukua zikambana, akakata uzi, akaongeza punje, akafunga. Baada ya miezi akakata tena. Mara ya tatu hakufunga. Alizimimina kwenye kopo la bati la maziwa, akaliweka juu ya kabati. Mumewe hakuuliza shanga zimekwenda wapi. Maumivu ya tumbo alikuwa na dawa zake, anasema, lakini kule kutoulizwa hakukuwa na kidonge.

Asiyekulia pwani anaweza kuona ni jambo dogo. Sisi tumelelewa kwamba mwanamke wa Tanga ni singo ya kujisugua, udi, asumini kichwani, kanga iliyokaa kiunoni, mwendo. Wageni wanatusifia hivyo na sisi tunajisifia hivyo. Ni sifa tamu, nami sitaki iondoke. Ila ni sifa iliyowekwa yote juu ya mwili, na mwili ukiugua haina pa kukaa. Mwanamke anayetoka damu siku kumi na mbili katika mwezi hajifukizi udi ili apendeze. Anajifukiza kwa hofu ya harufu ambayo mara nyingi haipo. Utamkuta kwenye shughuli kachagua kiti cha pembeni, karibu na ukuta, kakunja kanga mara nne akaikalia. Amevaa baibui jeusi hata kwenye harusi iliyopangiwa sare ya waridi, na watu wanasema anaringa. Hatainuka mpaka safu ya nyuma yake iinuke. Vitabu vya utabibu kwa miaka mingi vimeweka mpaka wa hedhi nzito kwenye mililita 80, kiasi kisichozidi sana kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Lakini nani apime? Kipimo chake yeye ni idadi ya kanga anazobeba kwenye pochi.

Kidevu nacho kina wasomaji wake. Takriban mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa ana ule mvurugiko wa homoni uliozoeleka kwa herufi PCOS: hedhi inaruka miezi, chunusi haziishi, unene unakaa tumboni, ndevu zinaota. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya walio nao hawajagunduliwa. Mtaani wamegunduliwa zamani sana, kwa majina mengine. Huyu atasema mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya mali, yule atasema dume jike, mwingine ana yakini hazai. Namjua mwalimu mmoja ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu huongea kashika kidevu, kama mtu anayewaza. Nilidhani ni busara. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri ajinyoe, mumewe asione wembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hali hiyohiyo inaongeza uwezekano wa kisukari, na kwamba kipimo cha sukari kingemfaa kuliko wembe. Wote walikuwa wanatazama kidevu.

Halafu kuna maumivu yasiyoonekana kabisa, ambayo mtaa hauna cha kusoma, kwa hiyo unasoma jini.

Chango, tunasema. Chango la uzazi. Ni neno pana kama kapu la ukili: linameza maumivu ya hedhi, mimba kuharibika, kutoshika mimba, mgongo, hata hasira. Sina ugomvi na neno lenyewe; bibi zetu walihitaji jina la kitu walichokiona, wakalipata. Ugomvi wangu ni pale jina linapofunga mjadala. Msichana wa miaka kumi na minne anajikunja sakafuni kila mwezi, anaambiwa ni chango, atachemshiwa mizizi, na yote yataisha akizaa. Asipozaa, au ndoa ikianza kuyumba, chango linapandishwa cheo linakuwa jini mahaba: ana mume wa kijini anayemwonea wivu. Hapo ndipo kombe la maandishi ya kunywa, kafara na mbuzi wa rangi maalumu huingia, na mwanamke aliyekuwa mgonjwa sasa ni mtu wa kuogopwa kitandani kwake mwenyewe.

Baadhi ya hao tunaowapa jini huenda wana endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota nje yake, kwenye ovari, kwenye utumbo, penginepo, na kuwaka kila hedhi inapokuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Haina tiba ya kuimaliza, ila ina dawa na operesheni za kuituliza. Kuzaa hakuiponyi. Na hata kwenye nchi zenye hospitali kila kona, mgonjwa hukaa kati ya miaka 4 na 12 kabla ya kuambiwa anachoumwa. Kwa hiyo tusijidharau peke yetu; kutoamini maumivu ya mwanamke ni ustadi wa dunia nzima, sisi tumeutilia ubani tu.

Mfano mkubwa kuliko yote uko hapahapa nchini. Millen Magese alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 2001. Mwaka ule nchi nzima ilikubaliana kwamba mwili wake ndio wa kutazamwa, na tuliutazama, wengine tulikata picha zake magazetini. Mwili huohuo ulikuwa na endometriosisi. Alikuja kusema hadharani miaka mingi baadaye, baada ya operesheni zaidi ya kumi, na tangu hapo amekuwa mmoja wa sauti kubwa Afrika katika jambo hili. Mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Nchi nzima ilimsoma mwanamke huyu mstari kwa mstari isione kitu. Kenya nako mtangazaji Njambi Koikai alihangaika na ugonjwa huohuo mpaka ukamfika kwenye mapafu, akawa anaueleza bila kuficha hadi alipofariki Juni 2024.

Baada ya mifano kama hiyo huja ushauri: basi wanawake wajitokeze, wavunje ukimya. Na mtu wa pwani ataupamba kwa methali, mficha uchi hazai. Hapa ndipo ninapotaka kubishana kidogo, maana nadhani methali hii tunaitumia kichwa chini. Mficha uchi hazai ni habari ya mzazi na mkunga. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, waliomo ndani ni wale wanaohusika, na mzazi anaambiwa: mbele ya huyu usione haya. Haikusemwa kuhusu kujifunua barazani. Sisi tumeufungua mlango, tumewaita majirani, kisha tunamlaumu mzazi kwa kubana miguu.

Neno letu halisi la jambo hili ni sitara, kumfunikia mwenzio aibu yake. Madrasa tulifundishwa kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Angalia kazi amepewa nani. Amepewa anayeona. Macho yangu ndiyo yaliyoamriwa kuinama, mdomo wangu ndio ulioamriwa kunyamaza. Lakini njiani mahali fulani tuliihamisha kazi hiyo tukamtwika anayeonwa: ajisitiri yeye, afiche tumbo, afiche damu, afiche wembe, nasi tubaki na uhuru wetu wa kuuliza miezi mingapi.

Wala tusisingizie dini kwa haya ya damu. Fatma binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume akamwambia hatwahariki, damu haikatiki, je, aache swala? Akajibiwa kwamba huo ni mshipa, si hedhi. Zikiisha siku za hedhi ajitwaharishe aswali. Wanazuoni wakaijengea mlango mzima, istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, wakahesabu siku, wakatenganisha damu na damu; kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa, hedhi haipiti siku 15. Karne kumi na nne zilizopita mwanamke aliuliza, akajibiwa kwa utulivu, na hakuna aliyemtajia jini. Wakristo nao wana yule mwanamke wa Injili ya Marko, damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akagusa vazi kwa siri. Kila nikiusikia ukisomwa mstari ule namwona mwanamke wa mtaani kwetu Makorora kwenye foleni ya hospitali.

Maana foleni zetu nazo ni jamvi jingine. Kwenye kituo kimoja cha afya nimemsikia karani akipaza sauti kutoka dirishani, "Wa kutokwa damu ni nani?" na wanawake wanne wakatazama chini kwa pamoja. Karani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na mafaili mawili mkononi na jina limeandikwa kwa mwandiko wa kuku. Wodini mambo hayana nafuu: aliyetolewa kizazi jana analazwa kitanda cha tatu kutoka kwa aliyejifungua jana, wageni wa huyu wanaleta uji na kanga mpya, wageni wa yule hawajui walete nini. Pazia ni nguo tu, mita chache. Ni kati ya mambo ya bei rahisi kabisa katika hospitali, na kati ya yanayosahauliwa mno.

Sitara isipopatikana hospitali, mwanamke anaitafuta sokoni, na sokoni ipo. Dawa ya kusafisha kizazi inaletwa na bodaboda, imefungwa karatasi, bila jina, bila swali. Muuzaji hakuoni, hakushiki tumbo, hapazi sauti. Mimi sishangai inauzika. Vidonge vya kuweka ukeni, maji ya mvuke, unga wa kunywa na asali, vyote vinaahidi kuyeyusha uvimbe na kufungua mirija. Uke hujisafisha wenyewe, na kuuosha kwa dawa huwavuruga bakteria wema wanaoulinda. Uvimbe haujui lolote kuhusu mvuke. Lakini anayemcheka mteja wa dawa hizo ajiulize anachonunua ni nini. Ananunua faragha, na hatujampa mahali pengine pa kuipata.

Bungeni napo haya ilitukamata. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Pengine hoja ilikuwa ya kweli. Bado sijasikia mtu akisimama kumuulizia anayetumia pakiti nne kwa mwezi badala ya moja.

Waume nitawapitia haraka, maana wanajijua. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hupata tatizo la uzazi maishani, na mara nyingi sababu iko upande wa mwanamume au pande zote mbili. Anayeoa mke wa pili kabla hajapima mbegu zake anahamisha swali tu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Ninaowategemea zaidi ni makungwi. Wanaingia pasipoingia daktari, mlango umefungwa, mwali anawasikiliza kuliko atakavyomsikiliza mtu yeyote tena maishani. Wanamfundisha kuhesabu siku zake, kujitwaharisha, kumpendeza mume. Siku wakimwongezea kwamba damu ya kupita siku saba, au ya kubadilisha nguo kila saa, au maumivu ya kumlaza chini, si urithi wa wanawake bali ni jambo la kupelekwa kwa daktari, watakuwa wamefanya kazi ambayo mabango ya barabarani hayajaiweza. Nimemwambia mmoja hivyo. Akanijibu, "Mie nilidhani wote tuko hivyo, mwanangu." Ana miaka sitini na tatu.

Yule wa dagaa alifanyiwa operesheni mwaka jana. Uvimbe ukatolewa, kizazi kikabaki. Mwezi uliopita tulikaa tena jamvi moja, harusi ya Makorora. Mama mmoja mbele yetu akamtazama tumbo, akapiga kofi la furaha: "Hee, umeshajifungua! Umejaaliwa nini?" Nilitaka kudakia, nikajizuia, maana nimeshawahi kusema sana kwenye jamvi kama lile. Akamaliza tonge lake kwanza.

"Nimejaaliwa uvimbe," akasema. "Kilo mbili na robo."

Wawili wakacheka, mmoja akasoma istighfari, mama aliyeuliza akaomba radhi, na mazungumzo yakarudi kwenye nguo za bibi harusi. Wakati wa kunawa, aliyekuwa akizungusha birika na beseni, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga juu ya tumbo la mviringo, alichelewa kidogo alipofika kwetu. Akamwinamia kama anayemimina maji, akauliza kwa sauti ya chini kliniki yao ni siku gani.

"Jumatano," akajibiwa, bila kuinuliwa uso. "Tutakwenda wote."